Asilimia 97 ya chembe si asilimia 97 ya wagonjwa

Kila msimu wa tafiti za mwaka wa mwisho sentensi ni ileile: "Modeli yetu inatambua malaria kwa usahihi wa asilimia 97." Wanafunzi wa udaktari wanaiandika, wa sayansi ya kompyuta wanaiandika, na wasimamizi wanaipitisha. Modeli hapa ni programu ya akili unde inayosoma picha za damu. Sentensi hiyo haina ukweli, na programu ya namna hiyo ikifika zahanati itawapa dawa watu wasio na malaria kabisa.

Data wanayotumia karibu wote ni ile ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: picha 27,558 za chembe nyekundu za damu, moja moja, zimetolewa bure. Ni kazi nzuri, lakini soma maelezo yake kabla ya kuanza kuandika programu. Slaidi zilipigwa picha kwa kamera ya simu kupitia hadubini, Chittagong, Bangladesh. Waliotolewa damu ni watu 200: 150 wenye Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, na 50 wasio na malaria. Na nusu kamili ya picha hizo ni za chembe zenye vimelea.

Nusu! Mgonjwa wa hivyo hutampata kwenye foleni ya wagonjwa wa nje (OPD).

Mchukue mgonjwa wa kawaida, mwenye vimelea katika asilimia 0.1 ya chembe nyekundu, yaani takriban vimelea 5,000 kwa mikrolita. Mtaalamu wa maabara aliyezoea kazi humtambua mgonjwa huyo upesi. Katika kila chembe 10,000 anazo 10 zenye vimelea. Sasa mpe modeli yenye unyeti (uwezo wa kukamata zenye vimelea) wa asilimia 97 na umahususi (uwezo wa kuziacha zisizo navyo) wa asilimia 97. Zile 10 itazikamata karibu zote. Lakini katika zile 9,990 zisizo na kitu, asilimia 3 itaziita zina vimelea: karibu 300. Jibu lake ni chembe 310, sawa na asilimia 3.1. Kisha iwekee damu ya mtu asiye na kimelea hata kimoja. Itahesabu 300, asilimia 3.0. Mgonjwa na asiye mgonjwa wametoka na jibu moja, na wote wawili wameonekana kuwa na vimelea 150,000 kwa mikrolita.

Makosa hayo 300 hayatoki hewani. Kuna chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu, ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili huiita kimelea. Kuna mashapo ya Giemsa, rangi ya kupaka slaidi, pale haikuchujwa. Kuna vidoa vya Howell-Jolly, mabaki ya kiini ndani ya chembe nyekundu, kwa wenye selimundu, jambo la kila siku katika hospitali zetu. Modeli iliyofundishwa bila kuwaona wenye selimundu itawaandikia malaria mara kwa mara.

Kosa la pili limejificha kwenye mgawanyo wa data. Mnachanganya picha zote, mnatenga asilimia 20 za jaribio, mnaanza. Matokeo yake chembe za mgonjwa mmoja zimeingia pande zote mbili, zikiwa na rangi ileile, taa ileile na slaidi ileile. Modeli inajifunza kuitambua slaidi, ninyi mnadhani imetambua ugonjwa. Gawanyeni kwa mgonjwa. Orodha inayoonyesha kila chembe ni ya mgonjwa yupi imewekwa pamoja na data, hivyo hakuna kisingizio. Mkishafanya hivyo mtaona jambo jingine: asilimia 20 ya wale 50 wasio na malaria ni watu 10. Hata modeli ikipatia wote 10, kiwango chake halisi cha makosa bado kinaweza kufika karibu asilimia 30. Sampuli yenu ni watu. Chembe 27,558 haziongezi mtu hata mmoja.

Basi andikeni kinachomsaidia daktari: kwa kila mgonjwa, jibu la modeli na jibu la mtaalamu, unyeti na umahususi pamoja na kiwango cha mashaka, na kiwango cha chini cha vimelea kwa mikrolita ambacho modeli bado inakiona. Na kumbukeni kwamba picha hizo ni za tabaka jembamba, yaani damu iliyotandazwa kwenye slaidi hadi chembe zinaonekana moja moja. Kazi ya kila siku ya kutafuta vimelea hufanyika kwenye tabaka nene, yaani tone la damu lisilotandazwa hivyo: fildi (eneo unaloliona kwa hadubini kwa mara moja) zisizopungua 100 kabla ya kusema hakuna; ukiwapata, unawahesabu hadi ufikishe chembe nyeupe 200, na ikiwa vimelea hawajafika 100 unaendelea hadi 500. Kwenye vimelea 100 kwa mikrolita, ni chembe nyekundu moja tu katika 50,000. Tabaka jembamba lenye chembe 200 kwa fildi litakudai fildi 250 ili umwone mmoja.

Kuna na madai mengine ninayoyasikia. "Simu ya megapikseli 108 inaona zaidi." Haioni. Kinachoamua ni lenzi ya hadubini. Lenzi ya mafuta ya x100 yenye uwazi (kipimo cha mwanga inaoukusanya, NA) wa 1.25 hutenganisha vitu vilivyoachana takriban mikromita 0.27, na hapo ndipo mwisho. Fildi ya mikromita 200 kwa lenzi hiyo inahitaji pikseli zipatazo 1,500 kila upande, yaani megapikseli 2 na kidogo. Zinazobaki zinajaza memori tu. Picha huharibiwa na simu inayojifanya mjanja: inakoleza kingo, inabadilisha rangi, inalainisha. Zima HDR (kuunganisha picha za mwangaza tofauti) na urembo wote, funga fokasi na mwangaza, pima weupe kwenye sehemu ya slaidi isiyo na damu.

Na kabla ya kununua kamera, nunueni kipima pH (kiwango cha asidi). Hili nitalirudia hadi lisikike. Bafa ya Giemsa, yaani maji ya kuchanganyia rangi hiyo, iwe na pH 7.2. Ikishuka kuelekea 6.8, madoa ya Schüffner, yanayosaidia kutambua aina nyingine za vimelea vya malaria, P. vivax na P. ovale, hayatoki vizuri, na hakuna akili unde itakayoona kilichokosa rangi. Rangi ya asilimia 10 ni dakika 8 hadi 10, ya asilimia 3 ni 45 hadi 60, na mchanganyiko utengenezwe siku hiyohiyo.

"Tuma tu WhatsApp." Ukituma kama picha, inapunguzwa na kubanwa, na pete changa, yaani kimelea cha hatua ya mwanzo chenye umbo la pete, ndiyo ya kwanza kupotea. Tuma kama dokumenti. Tuma pia fildi kadhaa zilizofuatana. Ile moja uliyoichagua kwa uzuri wake haimwambii daktari bingwa unayemtumia chochote kuhusu wingi wa vimelea.

"Slaidi zikishaskaniwa, wanafunzi hawahitaji hadubini." Slaidi za kidijitali ni msaada mkubwa: darasa zima linaangalia chembe ileile, na mtihani unakuwa sawa kwa kila mtu. Lakini skana ya kawaida hupiga kina kimoja tu. Kwenye tabaka nene vimelea wamekaa kwenye vina tofauti, na lenzi ya mafuta huona vizuri unene usiofika mikromita moja. Mwanafunzi asiyezoea kuzungusha fokasi ndogo huku akiangalia hatawapata. Mnaweza kuskani vina 7, ila pigeni hesabu: eneo la milimita 15 kwa 15, kwa mikromita 0.25 kila pikseli, ni pikseli bilioni 3.6, karibu gigabaiti 11 kabla ya kubanwa. Zidisha kwa 7. Kwa mafunzo ya malaria, skani tabaka jembamba kwa ajili ya kutofautisha aina za vimelea, na tabaka nene muiachie hadubini.

"Tumefuta jina, data haina mwenyewe." Faili nyingi za slaidi zilizoskaniwa hubeba ndani yake picha ya lebo, na jina au namba ya hospitali inasomeka pale. Picha ya simu hubeba tarehe, na mara nyingi mahali ilipopigwa. Faili za eksirei za DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) zina jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kichwa chake, hata kama kwenye picha yenyewe hakuna maandishi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ya taarifa binafsi tangu 2022. Ondoeni picha ya lebo na data za ndani kwenye nakala, fungueni faili kadhaa mzikague kwa macho, ndipo mzipakie.