Bloku ya IP ni ya nani? Vitu watu wanavyochanganya

Kuna mtu akishambuliwa au akitumiwa spamu, kitu cha kwanza anachukua IP (namba ya kifaa kwenye intaneti) anaiweka kwenye whois (huduma ya kuulizia namba hizo zimesajiliwa kwa nani), jina likitokea tu anaanza kulitangaza kuwa huyu ndo kaniibia. Naomba sana tusifanye hivyo, maana mara nyingi unamtuhumu asiyehusika kabisa.

Wengi wanaamini whois inakupa jina la anayetumia IP. Hapana. Inakupa jina la aliyekabidhiwa bloku, yaani fungu la IP zinazofuatana, na huyo kwa kawaida ni kampuni ya intaneti au ya kukodisha seva yenye wateja kibao. Nani alikuwa na hiyo IP saa nane usiku wa Jumanne, hilo lipo kwenye logi (kumbukumbu za matumizi) za kampuni, na hawalitoi hivi hivi bila taratibu za kisheria. Tena siku hizi, hasa kwenye intaneti ya simu, IP moja inabeba wateja wengi kwa mpigo, kwa hiyo usipokuwa na saa kamili pamoja na namba ya porti (inayotenganisha mawasiliano yanayopita kwenye IP moja) hata kampuni yenyewe inaweza kushindwa kujua ni nani kati yao.

Halafu kuna wanaodhani kuna daftari moja la dunia nzima. IANA, shirika la kusimamia namba za intaneti, ndo iko juu lakini yenyewe inagawa mafungu makubwa kwa sajili 5 za kanda: AFRINIC, ARIN, RIPE NCC, APNIC na LACNIC, kila moja ina databesi yake. Ukiuliza sajili isiyo yake utaambiwa tu fungu hili liko kwa wale, na hapo watu wanakata tamaa wakati jibu liko hatua moja mbele. Tumia RDAP, njia nyingine ya kuuliza sajili, ni mpya kuliko whois na inakupeleka yenyewe kwenye sajili husika.

Sasa hili la nchi ndo linaniuma zaidi. Watu wanasoma mstari wa country wanasema seva iko huko. Ulizia IP ya 1.1.1.1 kwenye whois uone: unaletewa bloku ya 1.1.1.0 mpaka 1.1.1.255, netname (jina la bloku) ni APNIC-LABS, maelezo yanataja mradi wa APNIC na kampuni ya mtandao ya Cloudflare, na country ni AU, yaani Australia, ambako APNIC ina ofisi zake. Lakini IP hiyohiyo inajibu kutoka miji mingi duniani kwa wakati mmoja, ukiiita unajibiwa na mashine ambayo kimtandao iko jirani yako. Hata zile huduma za kukuonyesha IP kwenye ramani zinakadiria tu. Kule Kansas, Marekani, kuna familia iliteseka miaka kwa sababu kampuni moja ya makadirio, kila iliposhindwa kujua IP ya Marekani iko wapi, iliweka nukta karibu na katikati ya nchi, na nukta ikaangukia kwenye shamba lao. Mamilioni ya IP yakaonekana yako pale, wakawa wanagongewa na polisi na watu wenye hasira, mpaka habari ilipofichuliwa 2016 nukta ikahamishiwa kwenye maji.

Anayetangaza bloku kwenye mtandao, yaani anayeiambia mitandao mingine kuwa IP hizo zinafikiwa kupitia kwake, ndo mwenyewe? Si lazima. Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi, ikatangaza kipande cha bloku ya YouTube, tangazo likavuja nje na YouTube ikapotea kwa saa kama 2 sehemu nyingi za dunia. Kwenye sajili hakikubadilika kitu. Kwa hiyo namba ya AS (namba ya utambulisho wa mtandao) inayoitangaza bloku ni jambo moja, aliyesajiliwa ni jambo lingine, angalia vyote viwili.

Na neno "mmiliki" lenyewe lina utata, sajili zinasema unapewa haki ya kutumia, siyo mali, ingawa 2011 Microsoft ililipa dola milioni 7.5 kwa IP 666,624 zilizokuwa za kampuni ya mawasiliano ya Nortel.

Kama shida yako ni spamu au mashambulizi, wewe tafuta kwenye rekodi mstari ulioandikwa abuse, chukua barua pepe ya hapo, waandikie ukiweka IP yao, porti, tarehe na saa kwa UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), na ubandike mistari ya logi kama ilivyo bila kuihariri.