Vita ya Iran na Israel isiwe kisingizio cha kukupandishia mafuta hapa Kigoma

Kila Iran na Israel wakianza kurushiana makombora simu zetu hazipoi, na ukishuka Kibirizi unakuta mtu kajaza petroli madumu matatu ya lita 20, kayapanga chumba hichohicho wanacholala watoto. Jamani!

Chukueni ile ya Juni 2025. Israel ilianza tarehe 13, ilitaka kuvunja mitambo ya nyuklia ya Iran na kuwamaliza makamanda kabla hawajajipanga. Iran nayo ilitaka ibaki imesimama na aliyeipiga aumie, ndo makombora yakashuka Tel Aviv na Haifa, na bunge lao likaunga mkono kufunga mlango bahari wa Hormuz, ambapo wakati huo ilikuwa inapita kama moja ya tano ya mafuta ya dunia. Hapo ndo watu wakapaniki, ila hamkujiuliza mafuta ya Iran yenyewe yanayoenda China yangepita wapi? Safari ile haukufungwa. Pipa la mafuta ghafi lilitoka karibu dola 69 likakaribia 79, vita iliposimama tarehe 24 likarudi chini ya 70.

Sasa yaliyomo kwenye tenki la kituo pale Mwanga yalishaagizwa kitambo, yakashushwa bandarini, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kuja huku. Bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) wanatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi na nauli imo humo, ndo maana Kigoma iko juu kuliko Dar, hili sisi tunaopokea malalamiko ya wanunuzi tumelisema mpaka tumechoka. Muuzaji akikwambia katikati ya mwezi "bei imebadilika asubuhi, si unaona Israel", akipita kikomo anakuibia.

Utaratibu uko hivi: soma bango la bei, piga *152*00# uone bei ya eneo lako, dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), hakikisha ina jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, lita na bei ya kila lita, ipige picha palepale maana ikikaa mfukoni na jasho inafutika, ndo utuletee malalamiko. Kuuza chini ya kikomo ruksa, juu yake ni kosa. Na anayeficha mafuta akingoja bei mpya asidhani hatumwoni, 2023 kuna vituo vilifungiwa miezi 6.

Juzi kijana wa bodaboda kaja kwetu kwa hasira, kauziwa bei ya vita. Tukamuomba risiti, kumbe kanunua ya chupa ya soda kwa jirani. Ile haina bei kikomo, hairuhusiwi kabisa kuuzwa.