Herufi si Sauti, na Nomino si Kiima

Ninapoanza kumfundisha mtu istilahi za kusoma na kuandika, simpi fasili. Ninamwandikia neno "ng'ombe" kisha ninamwomba ahesabu, naye huniuliza: nihesabu nini? Swali hilo ndilo somo lenyewe. Herufi ni sita; sauti ni tano, kwa kuwa ng' ni sauti moja ingawa tunaiandika kwa herufi mbili na ritifaa, yaani alama ile ya '; silabi ni mbili tu, ng'o na mbe. Herufi huonekana kwa macho, sauti husikika, na silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa pigo moja.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa mojawapo ya irabu tano (a, e, i, o, u), na kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyezoea ba, be, bi, bo, bu huamini kwamba hakuna silabi isiyo na irabu, mpaka akutane na "mtu". M hiyo ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo, yaani nguvu ya sauti katika kutamka neno, kwa kuwa mkazo wetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Linganisha "mbegu" na "mgeni": yote mawili yana herufi tano, lakini la kwanza lina silabi mbili, mbe-gu, na la pili lina tatu, m-ge-ni. Kanuni ya mkazo nayo ina maneno machache yanayoikwepa, kama vile "barabara", ambalo mkazo ukiwa kwenye ba ya pili ni njia, na ukirudi kwenye ra ya kwanza ni sawasawa.

Ugumu hasa huanza pale neno moja linapokatwa kwa namna mbili. "Anasoma" kwa silabi ni a-na-so-ma, lakini kwa mofimu, yaani vipande vyenye maana au kazi ya kisarufi, ni a-na-som-a: a- ya nafsi, -na- ya wakati, mzizi -som- unaobeba maana ya msingi, na kiambishi tamati -a. Kiambishi ni kipande kinachobandikwa kwenye mzizi, kabla yake au baada yake. Mwalimu asipotaja anakata kwa kisu kipi, mwanafunzi huona majibu mawili yanayopingana na kuamua kwamba sarufi ni kubahatisha. Mimi huutilia mkazo mzizi kuliko kipande kingine chochote, kwa sababu anayeutambua -som- hatatishwa na "msomaji", "somesha" wala "usomaji" hata kama hajawahi kuyasoma. Faida huonekana pia katika uandishi: anayeandika "ana soma" au "nime fika" amevichukua viambishi akavifanya neno linalojitegemea, na kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii kama hajui kiambishi ni nini.

Mchanganyiko mwingine ni wa aina ya neno na kazi ya neno. Nomino, neno linalotaja mtu, kitu au jambo, ni aina. Kiima, sehemu inayotaja anayezungumziwa katika sentensi, ni kazi. Katika sentensi "Mtoto anasoma kitabu", mtoto na kitabu zote ni nomino, lakini kiima ni mtoto peke yake, kwa kuwa ndiye anayeafikiana na a- ya kitenzi, na sehemu inayobaki, "anasoma kitabu", ni kiarifu, yaani kinachosemwa kuhusu kiima. Majina pacha hayanipi shida: anayesema vokali badala ya irabu, au jina badala ya nomino, anasema kitu kilekile, mradi asichanganye istilahi hizo katika andiko moja.

Mkato, yaani alama ya (,) ambayo baadhi huiita kipumuo, huonyesha vizuri kwa nini ninasisitiza kiima. Jina hilo la pili huwapotosha wengi, nao huuweka popote pumzi inapowaishia, wakaandika: "Mtoto aliyepotelewa na kalamu jana, analia." Kiima hapo si neno mtoto pekee bali ni fungu lote kuanzia mtoto mpaka jana, na mkato huo umekitenga na kiarifu chake bila sababu, kwa hiyo unafutwa. Lakini katika "Mtoto, njoo hapa", mkato unabaki, kwa sababu mtoto hapo si kiima, anaitwa.