Si Kila Neno la Msahafu ni Jina

Juzi baada ya alasiri, watoto wameshatoka katika chuo changu cha Kurani nami nakunja mikeka, aliingia kijana mmoja wa hapa Kibokoni ambaye nilimsomesha mwenyewe akiwa mdogo. Mkewe alikuwa amejifungua binti siku tano nyuma. Akanionyesha simu.

"Mwalimu, nimepata jina ambalo Mombasa nzima halipo. Alayna. Hapa wasema maana yake ni nuru, na limo ndani ya Kurani."

Nikamwuliza kama bado asoma Yasini usiku wa kuamkia Ijumaa. Akasema haachi. Nikamwambia anisomee aya ya 17. Akaanza kwa haraka, vile anavyoijua tangu utotoni: wamaa alaynaa illal balaaghul mubiin. Kisha akairudia polepole, na kidole kikasimama juu ya kioo cha simu.

Alaynaa ni "juu yetu", basi. Aya yasema: wala si juu yetu ila kufikisha ujumbe ulio wazi. Hapana nuru hapo wala hapana jina. Ni sawa na Mwarabu awasikie Waswahili wakisema "juu yetu", limpendeze masikioni, aende kwao amwite bintiye Juuyetu.

Dhana hii yanichosha kuliko zote: kwamba neno likiwa ndani ya Msahafu, tayari ni jina, tena jina zuri. Msahafu una habari za wema na za waovu, za pepo na za moto. Firauni yumo. Karuni yumo. Abu Lahabi ana sura yake nzima. Humo mna vitenzi, mna viunganishi, mna maneno ya kulaani. "Tukadhdhibani" limerudiwa mara 31 katika Suratur Rahman, na kwa kweli ni tamu kulisikia, lakini maana yake ni "mnakadhibisha". "Anamta", ambalo siku hizi naletewa kama jina la kike, ni kitenzi kilichomo ndani ya Alhamdu tunayoisoma katika kila sala: "umeneemesha". "Abtari" la Suratul Kauthari ni aliyekatikiwa na kila kheri. Na wewe uliyeona Zaniya kwenye orodha ya majina mapya ukalipenda, nakusihi ufungue Suratun Nur, aya ya 2, usome limetajwa kwa nani. Ni mwanamke mzinifu. Mtoto hana kosa lolote hata apachikwe neno hilo maisha yake yote.

Tatizo lazidi kwa sababu ulimi wetu umeziunganisha herufi ambazo Waarabu wanazitenga. Chukua Asiya, jina tulilo nalo miaka na miaka. Asiya wa alifu na sini ni jina la mke wa Firauni, yule aliyeamini huku mumewe amekufuru, na asili yake ni kutibu na kuliwaza. Asiya wa aini na swadi ni muasi. Binti wa Omar bin Khattab aliitwa hilo la pili, Mtume akalibadilisha, akamwita Jamila. Kwenye cheti cha kuzaliwa majina haya mawili hayana tofauti hata ya herufi moja. Kwenye ubao wa chuo ni mbingu na ardhi. Minha nalo ni vivyo hivyo: kwa ile ha inayotoka katikati ya koo ni zawadi, na kwa ile he ya mwisho wa koo ni "kutokana nayo". Simu haikwambii umepewa ipi.

Kwa hivyo sharti langu ni moja na silitengui. Usiniletee jina kwa herufi za Kizungu. Niletee limeandikwa kwa Kiarabu pamoja na irabu zake, tulisome mahraji kwa mahraji, yaani kila herufi pale inapotokea kooni au kinywani. Kama hujajua linavyoandikwa, hujalijua bado.

La pili ninalolisikia ni kwamba jina la madaha lazima litoke mbali. Mbali wapi? Mji huu wenyewe, kwa mapokezi ya wazee, ulianza na malkia aliyeitwa Mwana Mkisi kabla ya Shehe Mvita. Mshairi wetu mkubwa kuliko wote aliitwa Muyaka. Nani amemsikia mtoto wa miaka mitatu akiitwa Muyaka leo? Ukitaka jina ambalo halitagongana na la mwenzake darasani, hilo hapo, na lina Mombasa nzima nyuma yake. Wagiriama wana Kadzo, lenye maana ya uzuri. Wengi pia huniambia wamwite binti Mekatilili, kwa heshima ya aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Nia ni njema, ila Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, jina alilolipata baada ya kuzaa. Kwao alizaliwa akaitwa Mnyazi. Mnyazi! Hebu liite kwa sauti uone linavyotua.

Na kama moyo wako uko kwa Kurani, mbona wakimbilia vitenzi? Suratur Rahman hiyo hiyo, aya ya 22, yataja lulu na marijani. Marijani ni jina la Kiswahili tangu zamani, na siku hizi ni nadra kulisikia kwa mtoto wa kiume. Ambari, Waridi, Johari, Afua: yote haya yaliitwa kwenye vichochoro hivi, na wenye nayo wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo huambiwa kwamba jina la marehemu hufupisha umri wa mtoto. Si kweli. Mtume mwenyewe alipopata mwana usiku, alisema amempa jina la babu yake, Nabii Ibrahimu, aliyekufa karne na karne nyuma.

Wengine husema, "Jina limemlemea." Mtoto akilia usiku kucha na mwili unachemka, jina halichemshi mwili. Mpelekeni kliniki usiku huo huo. Nimeona familia ikibadilisha jina mara mbili huku homa inaendelea, na sitaki kuliona tena.

Kuongeza herufi nako si upekee. Aisha wa "y" mbili na "h" ya mwisho bado ni Aisha, isipokuwa sasa kadi ya kliniki yasema hivi, cheti cha shule chasema vile, na mzazi yuko kwa wakili akitafuta hati ya kiapo. Andikeni jina vile linavyotamkwa, na liwe vile vile katika kila karatasi.

Na wale waliokwisha andikisha jina wakajuta, msikae nalo kwa kudhani mlango umefungwa. Sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo, kifungu cha 14, yampa mzazi miaka 2 tangu kusajili kwenda kurekebisha jina la mtoto kwa msajili, kwa ada na ushahidi. Miaka hiyo ikipita, kazi huwa kubwa: wakili, hati ya kubadilisha jina, na tangazo katika gazeti rasmi la serikali. Nendeni mapema.

Yule kijana nilimtuma kwa nyanyake. Nilimwambia asimwulize jina zuri ni lipi, amwulize mamake nyanya aliitwa nani, na huyo naye mamake aliitwa nani. Alirudi asubuhi ya siku ya saba, mbuzi wa akika ameshafungwa uani kwao, na karatasi ameikunja mara nne. Aliandika Johari kwa Kiarabu kwa mkono wake: jimu, wau, he, ra. Nukta ya jimu alikuwa ameiweka juu badala ya tumboni, ikawa kha. Nikampa kalamu airekebishe mwenyewe.