Kumfundisha Mtoto Kupitia na Kuchapisha Hadithi Yake: Maana ya Dhana

Katika ufundishaji wa uandishi, kupitia hadithi ni kazi anayoifanya mwandishi mwenyewe ya kuirudia rasimu yake, kuisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha kuamua kipi kiongezwe, kipi kiondolewe na kipi kihamishwe. Kuchapisha ni kuifikisha hadithi hiyo kwa wasomaji, kwa njia yoyote ile, mradi wasomaji hao wawe zaidi ya mwalimu peke yake. Kazi hizi mbili hufundishwa pamoja kwa sababu mtoto hawezi kuona haja ya kupitia maandishi ambayo hakuna anayeyasubiri. Anayejua kwamba daftari lake litafunguliwa na mtu mmoja tu, tena mwenye kalamu nyekundu, huandika ili asikosee. Anayejua kwamba hadithi yake itasomwa na wenzake wa darasa la chini huanza kujiuliza kama wataielewa na kama itawapendeza.

Kupitia kunatofautiana na kusahihisha, na kuyachanganya mawili haya ndiko kunakoharibu masomo mengi ya insha. Kusahihisha hushughulikia tahajia, herufi kubwa, nukta na upatanisho wa kisarufi, ilhali kupitia hushughulikia yale yanayosemwa na mpangilio wake. Mwalimu akianza na tahajia, mtoto huelewa kwamba hadithi yake ni nzuri kiasi cha uchache wa makosa yake, na mara inayofuata ataandika maneno machache anayoyamudu ili asiadhibiwe kwa yale asiyoyamudu.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tatu aliyeandika hivi: “Nilikwenda kwa bibi. Tulikula. Usiku mbuzi alipotea. Tulimtafuta. Tulimpata. Tulifurahi.” Hakuna kosa la kusahihisha hapo, na mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya vema na kupita. Mwalimu anayefundisha kupitia huketi karibu naye na kumuuliza swali moja tu: “Mwanangu, huyo mbuzi mlimpata wapi?” Mtoto hujibu bila kusita kwamba alikuwa jikoni kwa bibi, amepindua ungo, uso wote mweupe kwa unga, na kwamba bibi alidhani ni mzimu akakimbia na kibatari mkononi. Hadithi ilikuwepo tangu mwanzo, ila haikuwa imeandikwa. Kazi ya mwalimu inayobaki ni kumwambia, “Haya uliyonisimulia sasa hivi hayamo kwenye daftari, na mimi ningependa kuyasoma,” kisha kuondoka na kumwacha aandike. Akikaa na kumtungia sentensi, hadithi itakuwa ya mwalimu.

Njia hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet alileta mashine ndogo ya kuchapia katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Watoto waliandika habari za maisha yao, darasa likachagua andiko la kuchapwa, wakaliboresha kwa pamoja, kisha wakapanga herufi za risasi kwa mikono yao na kupelekeana kurasa hizo na watoto wa shule za mbali. Nchini Marekani, Donald Graves na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Hampshire waliwachunguza watoto wa shule ya msingi ya mji mdogo wa Atkinson kati ya mwaka 1978 na 1980, wakiwatazama wakiandika badala ya kusoma tu walichokwisha kuandika. Waliona kwamba hata watoto wa miaka sita na saba huweza kurudia na kubadilisha maandishi yao, ikiwa wamechagua wenyewe la kuandika na wanapata mtu wa kuzungumza nao wakati kazi ingali mbichi.

Sisi tuna mizizi yetu pia. Anayeanza ngano kwa “Paukwa!” na kujibiwa “Pakawa!” huwa na wasikilizaji mbele yake, na huipitia ngano yake papo hapo: wakicheka hurefusha, wakisinzia hufupisha, wakiuliza hufafanua. Mtoto aliyekulia katika usimulizi huo anakuja shuleni akijua tayari kwamba hadithi hubadilika kwa ajili ya anayeisikia. Inasikitisha kwamba insha za mtihani zimewafundisha wengi kinyume chake. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 kuandika insha, muda usiotosha kupitia chochote, na watoto wengi wakajihami kwa kukariri vifungu vya kuwika kwa majogoo na misururu ya methali iliyoweza kupachikwa katika mada yoyote.

Darasani, mambo madogo ndiyo yanayowezesha kazi hii. Rasimu iandikwe kwa kuruka mstari ili kuwe na nafasi ya kuongeza, na iandikwe upande mmoja wa karatasi ili aya iweze kukatwa kwa mkasi na kubandikwa mahali pengine. Ufutio uwekwe kando. Maneno yaliyokatwa kwa mstari mmoja yanasomeka bado, na mtoto anaweza kuyarudisha akijuta. Asome hadithi yake kwa sauti kwa mwenzake, naye mwenzake aseme alichokielewa na aulize asichokielewa, bila kutoa hukumu. Katika darasa la watoto themanini mwalimu hawezi kuzungumza na kila mmoja kila siku, wala si lazima: akizungumza na wachache kwa zamu, na wengine wakasomeana wawiliwawili, kazi inakwenda. Tena si kila hadithi inayostahili kupitiwa. Mtoto aandike kadhaa, kisha achague moja anayoipenda zaidi, kwani uchaguzi huo wenyewe ni somo la uhariri.

Usahihishaji huja mwisho, na hapo ndipo mwalimu awe mkali kwa haki, kwa kuwa msomaji anastahili maandishi safi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo makosa ya watoto yana mpangilio unaoonekana upesi: “ana kula” badala ya “anakula”, “apa” badala ya “hapa”, kubadilishana kwa l na r, na dh inayogeuka z kufuatana na lugha ya nyumbani. Mwalimu achague kosa moja au mawili ya kufundisha katika kila hadithi. Yaliyobaki ayarekebishe yeye kabla ya kuchapisha, kama mhariri wa kitabu chochote anavyofanya.

Kuchapisha kwenyewe hakuhitaji fedha nyingi. Karatasi ya manila ukutani ni chapisho. Karatasi moja ikikunjwa mara tatu na kukatwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane, chenye jalada, jina la mwandishi na picha alizochora, ambacho huwekwa kwenye kabati la darasa na kuazimwa kama vitabu vingine. Shule zenye kompyuta na intaneti zinaweza kutumia African Storybook, mpango wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Humo hadithi za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika husomwa bure, na mtu yeyote anaweza kutunga au kutafsiri.

Hadithi ikitoka nje ya darasa, haki za mtoto hutoka nayo. Mzazi aombwe idhini, jina kamili na picha ya mtoto visiwekwe mtandaoni ovyo, na habari za nyumbani zinazoweza kumwaibisha au kumhatarisha zizungumzwe naye faraghani kabla ya chochote kutolewa. Mtoto akisema hataki hadithi yake isomwe na wengine, irudishwe katika daftari lake bila kubembelezwa wala kupunguziwa alama, hata kama ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.