Komedi mizikali si kichekesho

Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi wa parokia huku Katuba, Lubumbashi, jirani yangu alinyanyuka mchezo ukiwa katikati. Jukwaani binti alikuwa akimwimbia baba yake aliyezikwa asubuhi ile. "Walituambia ni komedi mizikali," akaninong'oneza, "mbona watu wanalia?" Nimelisikia swali hilo mara nyingi mno, basi leo nitalijibu.

Komedi mizikali ni mchezo wa jukwaani ambao hadithi yake hubebwa na mazungumzo, nyimbo na dansi kwa pamoja. Maana ni hiyo tu.

Kinachotukwaza ni lile neno la kwanza. Sisi wa Lubumbashi tukisikia komedi tunamkumbuka mchekeshaji wetu Mufwankolo na kundi lake, na mbavu zinaanza kuuma kabla mtu hajafungua mdomo. Lakini neno lenyewe tumelipata kwa Wafaransa, na kwao comédie lilikuwa zamani na maana pana ya mchezo wa jukwaani, wa kucheka au wa kulia. Hadi leo mwigizaji wao huitwa comédien, hata akiwa ndiye anayekufa. Comédie-Française, kundi la maigizo lililoanzishwa Paris mwaka 1680, limecheza michezo ya huzuni ya mwandishi Racine vizazi na vizazi. Ukifuata mzizi mpaka kwa Wagiriki unakuta kōmos, msafara wa sherehe, na ōidē, wimbo. Na ōidē hiyohiyo imo ndani ya tragōidia, neno lililotupa trajedi, mchezo wa huzuni! Wimbo ulikuwamo pande zote mbili, penye kicheko na penye machozi.

Ndiyo maana West Side Story, ambayo Leonard Bernstein aliitungia muziki na Stephen Sondheim maneno, ikaonyeshwa New York mwaka 1957, huitwa komedi mizikali kwa Kifaransa, ingawa kijana tuliyempenda anapigwa risasi mwishoni.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi: kudhani nyimbo zimewekwa ili watu wapumzike. Mtunzi hujiuliza kwanza mhusika anataka nini, na kwa nini kusema tu hakumtoshi tena. Wimbo ukiisha, lazima kuna kitu kimegeuka. Yule binti aliuanza wimbo wake akimlaumu marehemu, akaumaliza ameshika funguo za duka la baba. Hakuna aliyetutangazia kwamba sasa ataliendesha yeye. Ukiukata wimbo ule, sehemu ya pili haina miguu.

Maneno na muziki, kipi kitangulie? Richard Rodgers, mtunzi wa muziki wa Marekani, alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, mara nyingi muziki ulitangulia. Alipoungana na mwandishi mwingine, Oscar Hammerstein, maneno ndiyo yakatangulia. Kwa Kiswahili mimi naanza na maneno, kwa sababu ya mkazo. Mkazo wetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo mzito ukiangukia pengine, sikio linajikwaa. Chukua mstari "nimeiona barabara". Ngoma ikipiga kwenye ba-ra-BA-ra, binti ameiona njia ya kumtoa kijijini. (Sisi hapa tunasema njia zaidi, lakini neno linajulikana.) Ikipiga kwenye ba-RA-ba-ra, anasema ameiona vizuri, na hatujui ameona nini. Herufi ni zilezile, hadithi imepotea. Kwa hiyo kabla ya kugusa gita mimi husema mstari kwa sauti nikipiga makofi, mara kumi au ishirini, mpaka mkono wenyewe ujue pa kuangukia.

Basi jirani yangu, hukudanganywa. Ulichokiona ndicho komedi mizikali. Mchezo unarudiwa Jumapili hii. Njoo ukae nami mpaka mwisho, uone binti anavyolifungua duka.