Tatau: Kaa Lililobaki Samoa

Neno "tatuu" tunalolisikia vijiweni lilizaliwa Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1769 watu wa meli ya James Cook walilikuta kisiwani Tahiti likitamkwa "tatau", wakarudi nalo Uingereza. Lakini neno lilipokuwa likisambaa, kazi yenyewe ilikuwa inazimwa kwao. Wamisionari walipopata nguvu Tahiti katika karne ya 19, kujichora kulipigwa marufuku. Hawaii nako ujuzi ulififia hadi ukakaribia kusahaulika.

Samoa haukuzimika. Huko nako wamisionari walikemea, ila koo za mafundi, waitwao tufuga, ziliendelea kurithishana kazi. Kwa hiyo mimi neno "ufufuo" hulitumia kwa tahadhari: mara nyingi ni jirani aliyekwenda kupalia moto kwa jirani. Keone Nunes wa Hawaii, kwa mfano, alikuwa akichora kwa mashine. Akaiweka kando baada ya kukutana na mafundi wa ukoo wa Sulu'ape wa Samoa miaka ya 1990.

Kazi hufanyika mkekani. Fundi hushika mpini uliofungwa kitana chenye meno makali, mkono wa pili una kijiti cha kugongea. Wasaidizi huiwamba ngozi kama ya ngoma. Meno huchovywa wino wa masizi, kisha ta-ta-ta, bila haraka. Zamani kitana kilichongwa kwa jino refu la nguruwe. Leo wengi hutumia chuma, kwa kuwa ni rahisi kukitakasa.

Pe'a, yaani tatuu ya mwanamume wa Kisamoa, huanzia kiunoni hadi magotini na huchukua siku nyingi. (Malu ya wanawake, ya mapajani, ni nyepesi zaidi.) Ndugu humzunguka anayechorwa, wakimwimbia. Akikimbia maumivu huitwa pe'a mutu, yaani pe'a iliyokatika, na aibu huwa ya ukoo mzima. Akimaliza, huvunjiwa yai kichwani na kupakwa mafuta.

Je, mgeni anaruhusiwa? New Zealand, Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, wana jibu lao: moko, yaani tatuu yao, hubeba nasaba ya mwenye nayo, hivyo asiye Mmaori huchorwa kirituhi, michoro ya mtindo uleule isiyotaja ukoo wa mtu. Moko ya wanawake hukaa kidevuni. Nanaia Mahuta alikuwa nayo alipoteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo mwaka 2020.